Tuagize Piza Ngapi?



Wapenzi wasomaji, juma lililopita mama mmoja miongoni mwenu alitupelekea suala ambalo si la twahara, wala si la talaka, wala si la mirathi. Binti yake amehitimu Msahafu, naye amekusudia kumfanyia karamu ndogo ya shukrani baada ya Alasiri, waje watoto wa chuo, jamaa na majirani. Mhitimu ameulizwa ale nini siku yake, naye hakutaka biriani wala pilau. Ametaka piza. Mama akatuandikia hivi: "Sheikh, pilau naijua, na kilo yangu ya mchele najua yatosha watu wangapi. Piza siijui. Nikiagiza chache nitaaibika, nikiagiza nyingi nitaingia deni. Niagize ngapi?"

Tulipousoma ujumbe huo tulitabasamu, kisha tabasamu likatuondoka. Suala hili lilitukuta nasi, na tulipokutwa nalo hatukulijibu vyema. Basi leo tutalijibu kwa urefu, na tutaanza kwa kosa letu wenyewe.

Mwaka juzi chuoni kwetu tulikuwa na hitimu. Watoto walikuwa 46, na watu wazima, tukijihesabu sisi na walimu wenzetu, walikuwa 9. Mfadhili mmoja alijitolea kununua piza, akatuuliza ngapi. Mama watoto alikuwapo, akasema, "Mngekaa mkahesabu kwanza." Nasi tukamjibu kwa wepesi kuwa kumi zatosha, na penye watoto wa Qur'ani hapakosi baraka. Kumi zikaletwa, kila moja imekatwa vipande vinane. Hivyo ni vipande 80.

Wavulana wakubwa walikuwa 16, nao ndio walioketi mbele. Kila mmoja akachukua vitatu, vikaondoka 48. Sisi watu wazima tukapewa viwili viwili, vikaondoka 18. Vikabaki 14, na watoto wadogo walikuwa 30. Mwalimu aliyekuwa akigawa akachukua kisu akavikata nusu nusu, akapata 28. Ukitoa 28 katika 30 wabaki wawili. Mmoja wa wale wawili alilia, akapewa na dada yake. Wa pili ni msichana wa miaka saba, yatima, aleleliwaye na nyanya yake. Tulipomkaribia tumuulize amekula nini, alituangalia usoni akasema, "Nimeshiba, Maalim."

Hakuwa ameshiba. Alikuwa amefunzwa nyumbani asiombe. Nasi tulikuwa tumekwisha kula vyetu viwili.

Siku ya pili tulimpelekea zawadi, na nyanya yake alitushukuru sana. Lakini zawadi ya kesho haiwi badali ya haki ya jana. Usiku ule tulichukua kalamu tukaandika hesabu ambayo ilipasa kuandikwa kabla: watu 55, kila mmoja vipande viwili, ni vipande 110. Gawa kwa vinane, utapata piza 13 na kitu, yaani 14. Ni hesabu ya mtoto wa darasa la nne. Sisi tuliozoea kugawa mirathi ya watu, tukajua ni nani apataye nusu na ni nani apataye sudusi, tulishindwa kugawa mkate.

Tunajua wako watakaotukumbusha Hadithi ya Mtume wetu (S.A.W.) kwamba chakula cha mmoja huwatosha wawili, na cha wawili huwatosha wanne. Tunaiamini. Lakini hatukuambiwa kuwa chakula cha mmoja humtosha yule aliyefika mapema. Hadithi ile ni ya watu wanaoketi pamoja na kugawana. Baraka huteremka katika kugawa, na kugawa kwataka kuhesabu. Mhenga naye alisema mali bila ya daftari hupotea bila ya habari. Karamu nayo ni mali.

Sasa tumgeukie mama yetu na suala lake.

Jambo la kwanza ni kuhesabu watu, na kuwahesabu kwa matumbo yao, si kwa vichwa tu. Mtoto aliye chini ya miaka kumi humtosha vipande viwili. Kijana wa miaka kumi na kuendelea mwandikie vitatu, na wala usimwonee, kwani huo ndio umri wake wa kula. Mtu mzima naye mwandikie vitatu ikiwa piza ndiyo chakula chenyewe. Ikiwa pana sambusa, viazi karai, bajia na maji ya ukwaju, basi viwili vyamtosha. Hesabu hii ni ya piza ya inchi 12 hadi 14 iliyokatwa vinane, na hivyo ndivyo zinavyokatwa aghalabu.

Mama alitupelekea orodha yake: watoto wadogo 24, wakubwa 14, na wanawake 16. Wadogo kwa viwili ni 48. Wakubwa kwa vitatu ni 42. Wanawake kwa viwili, kwa kuwa vitafunio vingine vitakuwapo, ni 32. Jumla ni vipande 122.

Hapo hesabu ya mgeni ingekoma. Ya kwetu Pwani haikomi. Sisi humwalika mtu mmoja akaja na dada yake, na dada akaja na wanawe, na wala si aibu kwao wala kwetu. Kwa hiyo ongeza fungu la kumi kwa wasioandikwa. Fungu la kumi la 122 ni 12, na jumla yawa 134. Gawa kwa vinane, utapata 16 na robo tatu. Piza haiuzwi robo tatu, basi ni 17.

Tena angalia saa na siku. Karamu ya baada ya Alasiri si sawa na ya baada ya Isha, kwani wa Alasiri alikula mchana, na wa Isha ameweka tumbo lake kwa ajili yako. Na ikiwa ni Jumatatu au Alhamisi, wamo waliofunga sunna ambao hawatagusa kitu mpaka Magharibi. Hao wawekewe fungu lao kando, lifunikwe, lisichukuliwe na yeyote.

Jambo la pili ni ukubwa, na hapa ndipo wengi wanapodanganyika. Katika elimu ya faraidh, mke ambaye mumewe amefariki akaacha watoto hupata thumuni. Lakini thumuni ya shamba la minazi si thumuni ya kibanda cha makuti, ingawa zote ni thumuni. Piza nayo ni vivyo hivyo. Kubwa hukatwa vinane na ndogo yaweza kukatwa vinane, na anayehesabu vipande bila ya kuuliza inchi huhesabu majina, hahesabu chakula.

Inchi zinazotajwa ni za kipenyo, yaani upana wa duara kutoka ukingo hadi ukingo. Ukitaka kulinganisha piza mbili, usilinganishe inchi kwa inchi. Zidisha kila kipenyo kwa nafsi yake, kisha ulinganishe. Ya inchi 9 ni 9 mara 9, yaani 81. Ya inchi 12 ni 144. Ya 14 ni 196. Ya 16 ni 256. Ya 18 ni 324. Sasa tazama: piza mbili za inchi 9 kwa pamoja ni 162, nazo hazifikii moja ya inchi 14. Piza mbili za inchi 12 ni 288, nazo hazifikii moja ya inchi 18. Kwa hiyo ukisikia tangazo la nunua moja upate ya pili, uliza kwanza ni za inchi ngapi.

Na bei ipimwe hivyo hivyo. Tuseme ya inchi 12 yauzwa shilingi 1,000 na ya inchi 16 yauzwa 1,500. Fedha imezidi kwa nusu. Chakula kimetoka 144 kikafika 256, yaani kimezidi kwa zaidi ya robo tatu. Hapo kubwa ndiyo nafuu. Lakini bei zikiwa nyingine huenda jibu likawa jingine, na ndiyo maana tumewapa kipimo badala ya kuwapa jibu.

Jambo la tatu ni aina. Msiwaulize watoto 38 kila mmoja ataka nini, mtakesha. Chagueni aina tatu zisizozidi. Katika kila piza kumi, ziwe tano za kuku zisizo na pilipili, tatu za nyama, na mbili za mboga na jibini tupu. Wako wasiokula nyama kwa maradhi, na wako wadogo wasiotaka kuona kitunguu. Kuhusu uhalali, muulizeni muuzaji, na wala msione haya. Ulizeni nyama ni ya mnyama gani na imechinjwa na nani, na kama jiko hilo hupika nyama ya nguruwe kwa vyombo na visu vile vile. Mwenye biashara safi hachukizwi na suala.

Jambo la nne ni wakati. Piza kumi na saba hazipikwi kwa pamoja, kwani tanuri za jiko moja zina kiasi chake. Toeni oda siku moja kabla, na muombe ziletwe kwa mafungu mawili, la kwanza wageni wanapoketi, na la pili nusu saa baadaye. Hivyo watakaochelewa nao watakula chakula cha moto. Na mwenye kuagiza kutoka ng'ambo ya maji akumbuke kuwa foleni ya kivuko cha Likoni haijui kwamba watoto wana njaa.

Jambo la tano, na kwetu sisi ndilo kubwa, ni mpangilio wa kugawa. Hata piza ishirini hazingemfaa yule msichana wetu lau wagawaji wangeanzia mbele tena. Anzeni na wadogo, na anzeni na safu ya nyuma. Kila mtoto apewe sahani yenye vipande viwili mkononi, asiachwe ajichukulie mwenyewe kwenye boksi. Duru ya pili isianze mpaka mtu mmoja amepita akaangalia kuwa hapana mkono mtupu. Wakubwa wapewe cha tatu hapo. Nao walimu na masheikh, tukiwamo sisi, waletewe mwisho. Hatutakufa.

Na enyi kina baba msomao gazeti hili begani mwa wake zenu, tuna neno nanyi pia. Katika shughuli zetu nyingi sinia za wanaume hutangulia, na upande wa wanawake hufika wali wa chini ya sufuria, ilhali wao ndio waliomenya vitunguu tangu usiku. Fungu la wanawake na litengwe kabla ya sinia ya kwanza kutoka jikoni. Hilo nalo ni hesabu.

Tulipofika hapo tukamwandikia mama yetu: kumi na saba. Kisha tukaisoma tena orodha yake, tukaona kuwa wamekosekana watu. Tukamuuliza, "Mama, ni nani watakaohudumu?" Akajibu kuwa ni binti wawili wa jirani. "Na mlangoni?" Mlinzi wa nyumba. "Na watoto wa chuo wataletwa na nani?" Dereva wa tuktuk, ambaye atawangoja hadi mwisho. Hao ni wanne, na hakuna hata mmoja aliyeandikwa. Si kwa ubaya, kwani mama huyu ni mkarimu. Ni kwa sababu tumezoea kuwaona wakibeba sahani, hatukuzoea kuwaona wakila. Wanne kwa vipande viwili ni vinane, yaani piza moja kamili. Kwa hiyo jibu si kumi na saba. Ni kumi na nane.

Mama akanyamaza siku nzima. Kisha akaandika, "Sheikh, kumi na nane siziwezi. Baba yao yuko safarini, na nimebakiwa na ada ya skuli."

Tunamshukuru kwa kusema kweli, kwani wengi husema kweli hiyo baada ya kukopa. Tumeona nyumba katika miji yetu zilizolipa deni la walima mpaka mtoto wa kwanza akaanza kutembea. Mtume (S.A.W.) alipomuoa Bibi Safiyya (R.A.), karamu yake ilikuwa ya tende, jibini na samli, wala hapakuwa na nyama wala mkate. Hakuna aibu katika karamu iliyo sawa na mfuko wake. Israfu imekatazwa katika Suratul A'araf, aya ya 31, kwa mwenye nacho na asiye nacho, na kukopa ili watu waseme ni katika mlango huo huo.

Basi tukakaa naye upya. Piza haikuwa lazima iwe chakula kizima, ilikuwa furaha ya binti. Na furaha yatosha kwa kipande kimoja. Wote walioandikwa, pamoja na wale wanne, ni 58. Kipande kimoja kwa kila mtu ni 58, ongeza fungu la kumi, karibu 6, ni 64. Gawa kwa vinane. Ni piza nane, hapana kinachozidi wala kinachopungua. Kisha mama apike pilau yake aijuayo. Kilo moja ya mchele hutosha watu wazima wanane hadi kumi, na kwa kuwa wengi ni watoto, na tumbo limekwisha onja piza, kilo tano zatosha. Kila mtu atapata kipande chake cha moto, na hakuna atakayeondoka na njaa.

Na mwenye tanuri nyumbani aweza kupunguza zaidi. Kilo moja ya unga wa ngano hutoa takriban piza nne za inchi 12. Unga huo hutaka maji zaidi kidogo ya nusu lita, chumvi vijiko vidogo vitatu au vinne, na hamira. Uache uumuke mpaka uwe maradufu, usukume, upake rojo la nyanya, utie jibini, na tanuri iwe kali kadiri iwezavyo. Wasichana wa nyumbani wakifanya kazi hiyo kwa pamoja, nusu ya sherehe imekwisha kupatikana jikoni.

Limebaki la mabaki. Katika joto letu chakula chenye nyama na jibini kisikae nje zaidi ya saa mbili, na mchana wa kaskazi bora isizidi saa moja. Kilichosalia kizima kifungwe mapema, kingali kizuri, kipelekewe jirani siku hiyo hiyo. Msingoje mpaka kiwe makombo ndipo mumkumbuke maskini. Kilichowekwa kwenye friji kiliwe ndani ya siku tatu, na kukipasha moto mtumie chuma cha chapati, moto mdogo, kikiwa kimefunikwa. Kitarudi kama kilivyokuwa.

Karamu ya mama yetu itakuwa Jumamosi ijayo, inshaallah. Ametualika. Tumemwomba jambo moja, kwamba atupe kazi ya kupita na kuangalia mikono kabla ya duru ya pili. Na yule msichana wetu, ambaye sasa ana miaka tisa na amefika juzuu ya kumi na mbili, yumo katika watoto 24 wa orodha ile. Tumeliona jina lake kwa macho yetu.

Twamuomba Allah (S.W.) awabariki wanaohitimu na wazazi wao, azijaze nyumba zetu riziki ya halali, na atujaalie tuwe watu wanaowaona walioketi nyuma. Amin.

Wabillahi tawfiq.